Eti hata sokwe hamwachii mtu mwanawe: je, kumwacha mtoto kwa bibi ni kumharibu?

"Habari mtaalamu. Nina mtoto wa kike wa miezi tisa, ndo wa kwanza. Nilirudi kazini zile siku 84 zilipoisha na tangu hapo anashinda na mama yangu mzazi aliyekuja Dodoma kutoka Kondoa kunisaidia, pamoja na dada wa kazi, na jioni mdogo wangu anayesoma chuo. Sasa hivi mtoto akilia anamnyooshea bibi mikono, mimi ananiangalia tu, na nikimchukua ndo analia zaidi. Juzi mwenzangu ofisini alituonyesha video ya sokwe amembeba mwanae akasema oneni, hata mnyama hamwachii mtu mtoto wake, wanawake wa siku hizi tumekuwa wa ajabu. Nilienda kulia chooni. Mama anataka kurudi nyumbani mwezi wa sita kuvuna, na dada wa kazi huyu ni wa tatu. Mume wangu anasema niache kazi au mtoto aende deikea. Je, kisayansi ninamharibu mtoto? Na ni kweli maumbile yanataka mama alee peke yake?"

Pole sana dada yangu, na hongera kwa binti. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja na naona yamebanana maswali matatu humo ndani: kama mtoto anadhurika kwa kulelewa na watu wengi, kama kumkimbilia bibi maana yake wewe hakupendi, na utafanyaje mama akiondoka. Mimi kazi yangu ni kusoma maumbile na tabia za binadamu na za jamaa zetu wa porini, tumbili, nyani, sokwe na wengineo, kwa hiyo naanza na huyo sokwe maana ndiye aliyekuliza, na ndiye aliyesingiziwa zaidi.

Alichokiona mwenzako ni kweli. Sokwe wa Gombe kule Kigoma wanafuatiliwa tangu 1960 alipofika mtafiti Jane Goodall, na kitu kinachoonekana pale ni hicho hicho miaka yote, mtoto mchanga wa sokwe anashinda na kulala mwilini mwa mama yake, miezi ya mwanzo mama haruhusu karibu mwingine yeyote amshike, na ananyonya mpaka miaka minne mitano hivi. Kulikuwa na jike mmoja maarufu pale anaitwa Flo, alikufa 1972, na mwanae Flint ambaye alikuwa na miaka kama minane, tayari anajua kula mwenyewe, alikaa amejikunyata, akawa hataki kula vizuri, akafa wiki chache tu baadaye. Ukisikia hivyo unaweza kusema ehe, ndo upendo wa mama huo.

Ila mwenzako hakujiuliza ni kwa nini sokwe anafanya hivyo. Kwa sokwe anayehama kwao akikua ni jike, madume ndo wanabaki. Sio wote wanahama, pale Gombe wengine wamebaki, lakini jike wa kawaida anajifungulia ugenini, hana mama yake, hana dada, hana shangazi, amezungukwa na majike ambao hawana undugu naye na wanagombania naye chakula. Na ugomvi huo sio wa maneno. Miaka ya katikati ya 1970 pale pale Gombe jike aitwaye Passion na binti yake Pom walikuwa wananyang'anya wenzao watoto wachanga, wanawaua na kuwala. Ukiishi na majirani wa hivyo na wewe mtoto hutamwachia mtu. Kwa hiyo yule sokwe kwenye video hajakupita upendo wala adabu, amemshika mwanae hivyo kwa sababu hana wa kumwamini, na wewe unaye. Na moyo wa kulea mtoto wa mwingine anao pia hali ikiruhusu, kwenye msitu wa Taï nchini Ivory Coast watafiti wameandika habari za yatima 18 waliochukuliwa na sokwe wengine baada ya kupoteza mama zao, na nusu ya waliowachukua walikuwa madume.

Na kulea peke yake kuna bei yake. Sokwe anazaa mara moja kila miaka mitano sita, orangutani, jamaa yake wa misitu ya Asia, ni saba mpaka nane, maana hawezi kuanza na mwingine kabla huyu hajajitegemea. Sasa tuangalie binadamu, hata wale wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, bila maziwa ya kopo wala uji wa dukani, wanawake wao huzaa kila baada ya miaka mitatu minne. Yaani mtoto wa pili anakuja wakati wa kwanza bado hawezi hata kujitafutia tunda, na huyo wa kwanza atabaki tegemezi miaka mingi mbele, wataalamu wanakadiria kumfikisha mtoto wa binadamu mahali pa kujilisha kunahitaji kalori milioni 10 hadi 13. Hakuna mama mmoja anayeweza kuchimba kalori zote hizo huku ana mchanga mgongoni na mwingine anamvuta nguo. Kama maumbile yetu yangetaka mama alee peke yake tungekuwa tunazaa kwa mwendo wa sokwe, au tungeshaisha duniani.

Na ukitaka mifano ya wanyama, mbona ipo mingine tena ya hapa hapa kwetu. Mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe marefu anayeonekana Diani pwani ya Kenya na misitu mingi ya Afrika Mashariki, anazaliwa mweupe pee, uso wa waridi, unamwona toka mbali. Mama akishajifungua majike wengine wanamsogelea, wanamgusa, wanamvuta mguu taratibu mpaka mama anaachia, mtoto anahama kifua hiki kwenda kile huku mama anakula majani yake kwa nafasi. Tumbili nao, hawa wanaotuibia ndizi, majike wadogo ambao hawajazaa wanapenda mno kubeba watoto wa wenzao, na Lynn Fairbanks aliyewachunguza tumbili wanaofugwa aliona kwamba mama anayepata wabebaji hao anawahi kuzaa tena, na yule binti aliyebeba sana watoto wa wenzake akija kuzaa wa kwanza anamlea vizuri zaidi. Huko Amerika Kusini kuna vijinyani vidogo sana vinaitwa mamoseti, kawaida mama anazaa mapacha, na wanaobeba ni baba na kaka na dada, mama anapewa watoto wakati wa kunyonyesha. Kwa hiyo mtu akikwambia "hata wanyama", muulize mnyama yupi.

Tuje kwa watu sasa, na hapa huna haja ya kwenda mbali. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ndio waliobadilisha fikra za wasomi dunia nzima kuhusu jambo hili. Miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao wakipima nani analeta chakula kiasi gani, na wote walikuwa wanategemea kuona wawindaji wanaume ndo nguzo. Wakashangazwa na mabibi. Bibi aliyeshaacha kuzaa siku nyingi anaamka asubuhi na mti wake wa kuchimbia uliochongwa ncha, anaenda kwenye ardhi ngumu yenye mawe kuchimba mizizi iliyo chini sana ambayo mtoto mdogo hana nguvu ya kuifikia, anachimba saa nyingi kuliko mabinti. Na walipowapima uzito watoto waliona kwamba mama akishajifungua mwingine, kunenepa kwa yule mkubwa aliyeachishwa kunategemea bibi anachimba kiasi gani. Ndipo likaja wazo kwamba mwanamke wa binadamu anaishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu wajukuu wa bibi wa namna hiyo ndio waliopona. Wapo wasomi wanaolipinga na mjadala haujaisha, na 2023 ilitoka habari kwamba hata sokwe jike wa Ngogo huko Kibale, Uganda, baadhi wanaishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa, japo kwa kuwa mabinti zao huhama hakuna dalili kwamba wanalea wajukuu. Lakini mchango wa bibi wa Kihadzabe kwa mjukuu haujawahi kuwa wa kukisia, ulipimwa kwa mizani.

Baadaye Alyssa Crittenden na Frank Marlowe wakahesabu nani anawapakata watoto kwenye kambi kumi za Wahadzabe, wakakuta wanaowashika zaidi ni ndugu, na kadiri undugu ulivyo wa karibu ndivyo wanavyoshika zaidi, ila hata wasio ndugu wanashika sana tu. Na ukivuka kwenda Congo, msitu wa Ituri, kwa Waefe, mtoto wa wiki tatu tu alikuwa anatumia karibu asilimia 40 ya muda mikononi mwa watu wasio mama yake, akifika miezi minne ni asilimia 60, na waliomshika kila mtoto kwa wastani walikuwa watu 14. Kumi na nne! Mchanga akilia anayemfikia haraka ndo anayembeba, na mwanamke mwenye maziwa ananyonyesha. Wewe na mama yako, mdogo wako na dada wa kazi mko wanne, kwa Waefe ungeonekana umepungukiwa watu.

Nisiseme watu wote wako hivyo. Wasan wa Kalahari mama anabeba zaidi, na ndio waliotumiwa sana vitabuni kuonyesha "mama wa asili". Ila Rebecca Sear na Ruth Mace walipokusanya tafiti 45 za jamii mbalimbali zisizotumia uzazi wa mpango wa kisasa, kila iliyopima ndugu zaidi ya mmoja ilimkuta angalau ndugu mmoja, mbali na mama, ambaye uwepo wake uliongeza nafasi ya mtoto kupona. Mara nyingi ni bibi mzaa mama. Kwenye data za vijiji vya Gambia, mtoto mwenye bibi mzaa mama alikuwa na afya bora na alikufa kwa nadra zaidi. Kwa hiyo huyo bibi wa Kondoa unayemwona kama anakuibia mtoto ndiye ambaye kwenye takwimu za dunia anaokoa watoto.

Sasa hili la mikono kunyooshwa kwa bibi. Najua linauma kuliko mengine yote, na sitakwambia usiumie. Watu wengi wanaamini mtoto ana nafasi moja tu moyoni, akiikalia bibi basi mama umetoka. Nadharia hiyo ya mtoto kushikamana na mlezi ilianzia kwa John Bowlby wa Uingereza ambaye naye aliwaangalia sana nyani na sokwe, na mwanzoni aliweka mkazo mkubwa mno kwa mama. Lakini aliyekwenda kuitazama kwa macho, Mary Ainsworth, alianzia vijijini karibu na Kampala mwaka 1954, akikaa kwenye nyumba za Waganda na kuandika mtoto anamfuata nani, anamlilia nani, na akaona kwamba watoto wengi hawashikamani na mama peke yake, wana baba, wana bibi, wana dada zao. Kule Kisii nako watafiti walikuta watoto wameshikamana na mama na pia na yule dada mdogo anayewabeba mchana, wote wawili. Mtoto hagawi pendo lake vipande, anajenga uhusiano na kila anayemjibu.

Na miezi tisa ni umri wenyewe. Kuanzia miezi saba nane mtoto anaanza kubagua sana nani ni nani, na akiwa na njaa au usingizi anamtafuta yule ambaye mwili wake umezoea kutulizwa naye saa hizo. Mchana kutwa ni bibi, kwa hiyo jioni ukimchukua ghafla toka kwa bibi, akiwa kachoka, analia. Hajakukataa. Usimnyakue, kaa chini karibu na bibi, mchukulie hapo hapo pajani kwa bibi, zungumza naye, mwache ahame mwenyewe, na uwe na kitu kimoja cha kila siku ambacho ni chako wewe tu, kumwogesha, kumlaza, kunyonya usiku. Ainsworth aliona jingine ambalo nalipenda sana, mama waliokuwa na uwezo wa kumweleza habari za mtoto wao kwa undani, kafanya hivi, hapendi vile, ndio waliokuwa na watoto waliotulia zaidi. Kwa hiyo ukirudi kazini muulize bibi habari za siku nzima, kala nini, kalala saa ngapi, nini kilimchekesha, na usikilize kweli simu ikiwa pembeni.

Kuna wazo la Sarah Hrdy, mtafiti wa Marekani aliyewahi kuwafuatilia kima wa India waitwao languri, ambalo linakufaa hapa. Anasema mtoto wa sokwe hana haja ya kumbembeleza mtu, mama yupo tu. Mtoto wa binadamu ndiye aliyelazimika kuzisoma nyuso, kutabasamu, kutoa vile visauti vya kubwabwaja, ili awavute na wengine, na kwamba uwezo wetu wa kuhisi moyo wa mwenzetu umekulia humo. Ni hoja, haijafungwa. Ila Judith Burkart na wenzake walipojaribu aina 15 za jamii yetu hii ya nyani na sokwe, wakiwemo watoto wa binadamu, kuona nani atampatia mwenzake chakula bila kuombwa, kilichotabiri vizuri zaidi hakikuwa ukubwa wa ubongo, ilikuwa ni kiasi gani aina hiyo inasaidiana kulea.

Baada ya kusema yote hayo kuna jambo lazima niliseme wazi maana hapa ndo nina wasiwasi na nyumba yako. Mtoto wa binadamu ameumbwa kwa mikono mingi lakini anayoijua. Kwa Waefe wale 14 ni wale wale kila siku, kambi moja, anaona nyuso zao toka kuzaliwa. Na mikono mibaya ipo hata porini, kwa nyani jike mkubwa anaweza kumchukua mtoto wa jike mnyonge akakataa kumrudisha mpaka mtoto anaishiwa nguvu kwa kukosa maziwa. Kwa hiyo mama yako hanipi shida hata kidogo, ila hao dada wa kazi watatu ndani ya miezi sita wananipa. Kila anayeondoka ni uso ambao mtoto alishaanza kuutegemea. Kule Marekani walifuatilia watoto zaidi ya elfu moja tangu 1991 kuona kama kulelewa na wengine kunaharibu uhusiano na mama, na wakakuta kuachwa tu deikea au kwa mlezi hakukuharibu, madhara yalijitokeza pale ambapo mama mwenyewe hana habari na mtoto halafu huko anakoachwa malezi ni mabovu, au saa ni nyingi, au walezi wanabadilishwa badilishwa.

Kuacha kazi, basi. Ukiacha kwa sababu unataka na mnaweza kula, sawa kabisa, hakuna sayansi inayokukataza. Ila usiache ili umfanane sokwe, na ujue kwamba mama aliyefungiwa peke yake na mtoto mchanga siku nzima bila mtu wa kumpokea hayo ndo maisha ambayo kwa binadamu ni mapya. Deikea inawezekana kama mlezi wa watoto wachanga ni mtu yule yule kila siku na hana kundi kubwa, nenda bila kutoa taarifa saa nne asubuhi, simama mlangoni uone mtoto anayelia anafikiwa na nani na baada ya muda gani, hilo litakwambia zaidi ya rangi za ukutani. Dada wa kazi anaweza kuwa mzuri kuliko vyote akikaa, na wengi hawakai kwa sababu ya mshahara, kutukanwa, na kutopumzika, hapo mnaweza kubadilisha kitu wenyewe. Na kama ni binti wa miaka 13 au 14, naomba usimwachie mtoto kutwa, huyo naye ni mtoto, anatakiwa shule.

Shemeji yangu naye asibaki mtoa mapendekezo tu. Kwa Waaka wa Afrika ya Kati, Barry Hewlett alikuta baba yuko hatua moja toka kwa mtoto wake karibu nusu ya siku. Na hapa Tanzania walipima homoni ya testosteroni kwa wanaume, wakakuta baba wa Kihadzabe, ambao wanabeba na kucheza na watoto wao, iko chini kuliko ya wenzao wasio na watoto, wakati kwa majirani zao Wadatoga, ambako baba hashiki sana watoto wachanga, hakuna tofauti hiyo. Yaani mwili wa mwanaume unaitikia malezi, lakini mpaka awe anashika mtoto. Mpe zamu yake halisi, bila wewe kumsimamia kila dakika.

Kuna mambo ambayo mimi kwa kuandika siwezi kuyapima, haya yapeleke kliniki ya mama na mtoto: kama hatazami watu usoni, hatabasamu, hageuki akisikia sauti, hawezi kukaa, ameacha alichokuwa anakiweza, au uzito kwenye kadi umesimama. Kama akiumia au kuogopa hamkimbilii mtu yeyote, bibi wala wewe, hilo nalo waambie. Akiwa na michubuko au anashtuka na kukakamaa mtu fulani akimkaribia, usisubiri, mtoe hapo kwanza. Na wewe mwenyewe. Kulia chooni mara moja kwa maneno ya mtu ni kitu cha kawaida, lakini kama unalia siku nyingi zaidi ya wiki mbili, hulali hata mtoto akilala, huna hamu ya chochote, unajiona huna faida, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, ina matibabu na haitokani na udhaifu wako. Likija wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu siku hiyo hiyo aende na wewe hospitali.

Kuhusu mwezi wa sita, mwombe mama asiondoke siku ambayo mlezi mpya anaingia. Angalau wiki mbili wawe wote nyumbani, wiki ya kwanza mgeni acheze tu na mtoto bibi akiwepo, ya pili aanze kumlisha na kumlaza bibi akiwa chumba cha pili. Kama ni deikea nako iwe hivyo hivyo, saa moja, kisha mbili, kisha nusu siku. Bibi akishafika Kondoa mpigieni simu ya video mara kwa mara, na akimaliza kuvuna mrudisheni kama anataka na afya inaruhusu, mlipieni nauli. Na zile saa za kunyonyesha, hadi mbili kwa siku, ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa ndani ya muda wa kazi, kama hujawahi kuzichukua, mwandikie bosi wako barua wiki hii.